Kutoa Mapovu

Leo ni Jumamosi ya sita, na nimeelea. Sijaogelea, nisije nikadanganya. Nimeelea tu, chali, mikono nimeitanua, masikio yamo majini, nikahesabu hadi kumi na nane kabla hofu haijanirudia na miguu kuanza kutafuta sakafu ya bwawa. Mwalimu wangu ni kijana ambaye kila asubuhi huniamkia shikamoo kwanza ndipo aanze kunifokea. Alipiga makofi peke yake. Watoto waliokuwa kwenye kina kifupi walinitazama kwa huruma.

Nina miaka 38 na nimezaliwa Mwanza, Kirumba. Watu wa Dar wakisikia hivyo hudhani nilijua kuogelea kabla ya kutembea. Kwetu ziwa lilikuwa marufuku. Mama alikuwa na kipimo chake: anakushika mkono, anakukwaruza kwa ukucha, ukitokea mstari mweupe basi umeoga ziwani, na fimbo haiko mbali. Kaka zangu walijifunza kujipaka mafuta kabla ya kurudi nyumbani. Mimi sikuhitaji mafuta. Nilitii.

Marufuku hiyo ina tarehe yake, 21 Mei 1996. Mjomba alikuwa anakuja kutoka Bukoba na MV Bukoba, na Mama alishajiandaa kumpokea. Meli ilipinduka asubuhi, ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika Mwanza. Nafasi yake ilikuwa abiria 430. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali, walizidi 800. Wengi walizikwa Igoma. Kama mjomba ni mmoja wao hatujui, ila Mama huenda pale kila Mei, anafagia, anakaa kidogo, anarudi. Tangu mwaka ule, nyumbani hatukulitaja ziwa. Tulisema "kule".

Nilihamia Dar na "kule" yangu. Kwenye pantoni la Kigamboni nilikuwa nasimama katikati, kati ya magari, macho nimeyakaza kwenye namba za usajili. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2016 nilishangilia kuliko wenye magari, na mimi gari sina.

Ningezeeka hivyo. Lakini Desemba tulikwenda ufukweni na majirani. Binti yangu ana miaka saba. Nilimkataza maji, nikageuka kumenya maembe, nilipoinua macho namwona anatoka upande wa wenzake, kanga imemlowa chini. Nikamshika mkono na kumkwaruza kwa ukucha. Sikufikiri. Mkono ulijua wenyewe. Alinitazama akauliza, "Mama, unatafuta nini?"

Wiki iliyofuata nikalipia masomo.

Siku ya kwanza sikufundishwa kuogelea hata kidogo. Nilifundishwa kutoa mapovu: unashika ukingo, unazamisha uso, unatoa pumzi taratibu kwa pua, unainuka. Kazi ya mtoto wa chekechea, na mimi nilitetemeka hadi mwalimu akaniuliza kama naumwa. Nilivaa taiti na fulana ya mikono mirefu, nikijiona mtu mzima niliyepotea njia. Jumamosi ya pili nilidanganya kwamba nina kikao.

Mwalimu husema mapafu yakijaa hewa mwili hukaa juu wenyewe, anayezama ni yule anayepigana na maji. Nilikaribia kumjibu. Waliokuwa ndani ya meli ile, wengine kitandani, hawakuzama kwa kukosa somo la mapovu. Najua pia kwamba bwawa lenye vigae vya buluu halijibu chochote kuhusu ziwa. Nilinyamaza, kwa sababu yeye 1996 hakuwa amezaliwa, na kwa sababu kuhusu mapafu alikuwa amesema kweli. Leo, pale nilipoacha kukaza shingo, ndipo maji yakanibeba.

Jioni nimempigia Mama. Nilikuwa nimemficha wiki zote sita.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu, nikawa nasikia redio yake na mtu anayetwanga kitu uani.

"Na mjukuu wangu?" akauliza.

"Anaanza Jumamosi ijayo."

Kimya tena.

"Basi msuke nywele zimkae vizuri," akasema. "Na akitoka, mkaushe masikio."