Waliniambia "jiamini" bila kunionyesha njia

Mpaka leo nikisikia mtu mzima akimwambia kijana mwenye hofu ya watu "jiamini tu", nakasirika. Nimeambiwa neno hilo na walimu, shangazi na wanafunzi wenzangu, na hakuna aliyenieleza linafanywaje.

Nilikuwa na miaka 14. Mwalimu akianza kuita majina, moyo ulikwenda mbio kabla hajanifikia. Jibu ninalo, tena limeandikwa kwenye daftari, lakini nikisimama sauti inakauka na masikio yanawaka. Usiku narudia kila neno nililosema na kujihukumu upya. Nyumbani walisema ni haya za utoto, zitaisha.

Dawa yangu ya kwanza niliitengeneza mwenyewe. Tulipopangiwa kuzungumza mbele ya darasa, nilikariri hotuba neno kwa neno siku tisa, bafuni, njiani, kitandani. Siku yenyewe nikavaa sweta kuficha jasho, nikaibana karatasi kwa mikono miwili isitetemeke, macho nikayashusha chini. Sentensi ya tatu, mtu akaangusha kalamu. Neno likanipotea, na kwa kuwa yote yalikuwa yamefungamana, hotuba nzima ikaenda nalo. Jasho lilizidi kwa sababu ya lile sweta, na karatasi ilitetemeka zaidi kadiri nilivyoibana. Nikarudi kukaa bila kumaliza. Wiki mbili sikumtazama mtu usoni.

Aliyenitoa huko ni mshauri wa wanafunzi, miaka miwili baadaye. Alinieleza walichoandika wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells mwaka 1995: mwenye hofu hii hugeuza macho ndani, akabaki kujichungulia yeye badala ya kuwatazama walio mbele yake, na kinga anazojiwekea ndizo zinazoilea hofu. Nikaelewa habari ya sweta. Nisipoaibika, sifa inakwenda kwa sweta, na mimi nabaki mwoga vilevile.

Akanipa kazi: uliza swali moja darasani bila kuliandika kwanza, kisha inua macho uhesabu wanaokutazama. Tulikuwa kama arobaini, nami nilikisia thelathini. Niliuliza, nikainua macho, nikahesabu sita. Mmoja wao alikuwa anaangalia saa ya ukutani nyuma yangu, kwa hiyo watano! Nilirudia siku tatu mfululizo kwa sababu sikuamini. Ndipo akanisimulia jaribio la Thomas Gilovich na wenzake, lililochapishwa mwaka 2000: wanafunzi walivalishwa fulana ya kuwatia aibu wakaingizwa kwenye chumba cha wenzao. Walikisia karibu nusu ya waliokuwemo wangeitambua picha iliyokuwa kifuani. Walioitambua walikuwa karibu robo.

Baada ya hapo tulipanda ngazi: salamu, swali, kusoma kwa sauti, mjadala. Sharti lilikuwa kutoondoka hofu ikiwa juu. Ukikimbia hapo, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Wazazi, mgeni akimuuliza mtoto jambo, msimjibie; subirini hata akichelewa. Na akianza kukwepa shule, mpelekeni kwa mtaalamu mapema.

Mshauri alinijazisha pia kipimo cha Morris Rosenberg cha mwaka 1965, sentensi 10 kuhusu unavyojithamini. Mara ya kwanza alama zangu zilikuwa za chini mno, nikalia. Zilipanda, lakini baada ya ngazi zile, wala si kabla. Ndiyo maana nasema "jiamini" kwanza ni kuanzia mwishoni.

Muhula wa mwisho nilisimama tena mbele ya darasa, bila sweta, nikiwa na hoja nne tu kichwani. Katikati neno likanipotea. Nikawaambia, "Nimesahau, nipeni kidogo." Wakanisubiri. Nilipomaliza, mkono wa kwanza kunyooshwa uliuliza kuhusu hoja yangu ya pili.