Darasa la nne la wagashi: nerikiri imeacha kupasuka

Jamani leo nimefurahi. Najifunza wagashi hapa Kyoto, Japani, vile vitamutamu vinavyoliwa kwenye hafla ya chai kabla ya kunywa matcha (chai ya kijani ya unga), na leo ndo mara ya kwanza sensei, yaani mwalimu, kachukua cha kwangu akakiweka sahani moja na vya kwake.

Nerikiri ni aina ya wagashi ya maharage meupe. Unayachemsha, unayachuja maganda, unayapika na sukari mpaka yawe donge, halafu unachanganya na gyuhi ambayo ni unga wa mchele wa kunata uliosongwa na sukari. Darasa la kwanza nilipata shida kuelewa maharage matamu maana mimi nayajua ya nazi na chumvi, ila nilivoonja basi.

Shida yangu wiki mbili zilizopita ilikuwa nyufa. Nilikuwa naogopa donge linate mikononi kwa hiyo nalikausha mno kwenye sufuria, kumbe ndo nalipasua mwenyewe. Sensei kanionyesha, unagusa kwa nyuma ya mkono, likiacha kunata toa hapohapo usisubiri. Leo nikatoa, nikatia gyuhi, nikasonga, nikamegamega vipande nikavitandaza kwenye kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, vikipoa nakusanya nakanda namega tena, mara tatu hivi, na unaliona kabisa linazidi kuwa jeupe mpaka likawa laini kama ndewe ya sikio.

Halafu kufunga. Gramu 25 za nje, gramu 15 za azuki ndani, yale maharage mekundu madogo yaliyopikwa na sukari. Unabapanisha kwenye kiganja, unaweka kidonge cha azuki katikati, mkono mmoja unazungusha polepole huku dole gumba la mwingine linabonyeza azuki chini, na ile nyeupe inapanda yenyewe pembeni, inapanda, mpaka mdomo unajifunga. Ukiivuta tu inachanika. Yaani ilivofunga leo bila alama nilikaa naiangalia tu.

Tumetengeneza umbo la ajisai, yaani ua la haidrenjia, kwa sababu ni Juni, mvua zinanyesha na maua yenyewe yako kila kona. Bluu na zambarau unazificha chini ya nyeupe nyembamba ili rangi ionekane kwa mbali, unakaza kwa kitambaa, juu unaweka vipunje vya kanten (jeli ya mwani) viwe matone ya mvua.

Mwisho tukala na matcha. Kitamu kwanza mpaka kiishe, ndo unakunywa, na ule uchungu unafika mdomo ukiwa bado una sukari. Nikakumbuka kahawa ya barazani kwetu Tanga, kashata mdomoni na kikombe kichungu kinafuata, nilitamani babu angekuwepo nimmiminie.

Darasa lijalo ni minazuki, wagashi nyingine, ile ya pembetatu nyeupe kama barafu na azuki juu, watu wa Kyoto wanaila tarehe 30 Juni. Inapikwa kwa mvuke. Unga nishanunua, kesho jioni najaribu nyumbani.