Jinsi navyoandika vibeti vya vita, mi muuza viatu wa Memorial

Mi nauza viatu vya mitumba pale Memorial, Moshi, na usiku nikishafunga hesabu naandika mashairi. Vita ya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya nduli Idi Amin, nilikua naitaka siku nyingi ila ukigusa tu kalamu yanakuja yale yale, mizinga, mashujaa, nduli kakimbia. Sio mabaya, ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ya uwezo, sababu na nia, wote tumekua nayo na ukiisikia hadi leo mwili unasisimka, lakini ile ni siku ya kuondoka. Mi nilikua nautaka mwezi wa tano wa kutembea, mtu kachoka hadi hasira zimemuisha.

Dawa ya kwanza ilikua kufupisha. Ukitaja shairi la vita watu wanawaza utenzi wa kurasa na kurasa, wakati Muyaka wa Mombasa karne ya 19 alikua anatunga beti za mistari minne kuhusu vita vyao na Zanzibar na zimeishi mpaka leo. Basi nikajipangia, ubeti mmoja tu, mistari minne, mizani nane (yaani silabi nane) kila mstari, mitatu ya juu kina kimoja na wa nne unaishia na -ka siku zote. Jumla mizani 32. Na mizani 32 ndugu yangu huwezi kumsifia mtu humo, haitoshi, utabaki na kitu kimoja tu na hicho kitu kiwe cha kweli.

Sasa hicho kitu nakitoa wapi, mi vita nimeikuta kwenye somo la historia. Nina baba mkubwa Kibosho, alikua jeshini, sa hivi ana migomba yake na ng'ombe wawili. Ukimuuliza vita ilikuaje anakujibu "tuliwapiga", anaendelea kukata majani. Siku moja nikamsalimia, shikamoo baba mkubwa, nikamuuliza swali la kibiashara, mguuni mlikua mnavaa nini? Weee. Akaweka panga chini. Akaniambia soksi alizitupa kabla ya Masaka, mji wa kule Uganda, zilikua zimeoza, njia ina mabwawa na mvua, buti likilowa linakua zito, likikauka linakua gumu kama debe na linakukata pale juu ya kisigino, unafunga kitambaa unaendelea maana nyuma yako kuna mwenzio anakusukuma. Mi viatu navishika kutwa nzima, buti lililotembea nalijua, ndani kwenye kisigino ngozi inakua imelika mpaka unaona gamba lenyewe. Kwa hiyo alivyokua anaongea nilikua naona. Nikarudi mjini nikaandika:

Buti limekula nyama
Masaka tumeshahama
Miguu sasa yagoma
Kampala hatujafika

Huo mstari wa tatu niuelezee kidogo, maana kazi yote iko pale. Kwanza ulikuja "Mizinga inanguruma". Hesabu mwenyewe, mizani nane, kina kipo, unatamani kuuacha. Nikaufuta kwa sababu ukiweka buti na mzinga kwenye ubeti mmoja msomaji atasikia mzinga tu, buti limepotea. Tangu hapo kwangu hamna bunduki kwenye ubeti, kama ipo basi imebebwa, ina uzito, hailii.

Na kuna jambo lilinikalia kichwani. Machi 1979 Waganda waliokimbia nchi yao walikutana hapa hapa Moshi wakaunda UNLF, umoja wao wa kushika nchi Amin akitoka. Wakati huo mtu wa Moshi, baba mkubwa wangu, yuko kule kwao njiani Masaka kwenda Kampala, na Kampala imeanguka Aprili 11. Wao wapo kwetu wanajadili serikali, yeye yupo kwao anafunga kitambaa kisigino. Nimejaribu kuitia kwenye mizani 32 haiingii, ni habari ya kusimulia hivi tu, sio kila kitu ni shairi.

Ubeti wa pili ni wa kurudi. Huu nilimpelekea asikilize, kwenye mstari wa pili niliandika "Amepewa chai, kiti". Akanikata hapo hapo, chai gani mwanangu, nilipewa mbege! Pombe yetu ya ndizi. Tukacheka, mama mkubwa naye akadakia jikoni kwamba ni kweli na aliipika yeye. Nikatengeneza:

Amerudi, ameketi
Kapewa mbege na kiti
Anafungua mabuti
Hasemi alikotoka

Ule wa mwisho hakusema chochote, akaniuliza tu kama mjini kuna dawa ya minyoo ya ng'ombe ya bei nzuri. Mi nikaona umepita, maana ungekua wa uongo angesema kama alivyosema kwenye chai.

Sa hivi nimehamia kwa waliobaki nyumbani, kwa sababu uchovu wa vita haukua wa wanajeshi peke yao. Mwalimu aliomba watu wafunge mkanda miezi 18 na kila mzee atakwambia mkanda haukufunguka. Mama mkubwa kanipa foleni ya sabuni, alitoka alfajiri na mtoto mgongoni akarudi na nusu mche. Kina cha -ni kimejaa tele, sabuni, foleni, mgongoni. Ninachotafuta ni mstari wa -ka.