Dawa ya vikope imefika mtaani kwetu

Leo asubuhi wagawa dawa wamepita kwetu, hapa Kongwa, wakiwa na dawa ya trakoma, ugonjwa wa macho ambao wengi tunauita vikope.

Mwanangu alisimamishwa kando ya fimbo yenye alama, kwa kuwa kipimo cha dawa hiyo, azithromaisini, kwa mtoto hukadiriwa kwa urefu wake, bila haja ya mizani. Akanywa dawa ya maji mara moja, ikatosha.

Bibi yake alitazama kwa makini, kwani enzi zake ilikuwa dawa ya mafuta ya tetrasaiklini, mara mbili kwa siku kwa wiki 6, na watoto wakilia kila walipopakwa machoni.

Nimefurahi mno, maana vikope vimefanyiwa utafiti humu humu wilayani tangu miaka ya 1980, na wazazi wetu ndio waliokubali watoto wao wachunguzwe macho.

Je, kwenu watoto huipokeaje?