Boliti ya kalipa

Ndugu zangu mnaopeleka magari kwenye uwanja wa mbio wa Busiika, naomba mnisikilize. Jumamosi, mzunguko wa sita, nilianza kusikia "tak, tak" gurudumu la mbele kushoto kila nikikanyaga breki. Nikatoka pembeni, nikapiga jeki, nikavua tairi. Boliti ya chini ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki, ilikuwa imetoka zaidi ya nusu! Kalipa imeshaanza kukwaruza rimu kwa ndani. Mikono ilinitetemeka.

Aliyenifungia pedi mpya alikaza kwa kukadiria mkono tu. Kwa foleni za Kampala labda ingekaa miezi. Uwanjani breki zinachemka na kupoa tena na tena, na mtetemo hauishi.

Nimeweka boliti mpya. Nimesugua matundu kwa brashi ya waya, nikatia gundi ya boliti, ile ya bluu, nikakaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kisha nikachora mstari mweupe wa rangi kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye kalipa. Mstari ukiachana, boliti imesogea. Nauangalia kila nikitoka uwanjani, kabla hata ya kunywa maji.