Chane za shangazi

Kovu lipo mpaka leo: mistari 5 inayolizunguka shina la fikasi yangu ya kwanza kama skrubu. Ni bonsai, mti wa jamii ya mkuyu unaofugwa mdogo chunguni, shina likifungwa waya ili lipindwe na kushika umbo. Niliifunga kwa waya mtupu wa kufungia nondo, nikasafiri bara wiki 6. Kwa joto hili la Mombasa fikasi haimsubiri mtu. Niliporudi, waya ulikuwa umezama gomeni. Nikaufungua kwa kuuzungusha, kosa la pili hilo. Gome likatoka nao, utomvu mweupe ukachuruzika mpaka kwenye chungu. Siku hizi waya naukata vipande vipande kwa koleo, acha upotee.

Gome la fikasi ni jembamba mno. Ukipinda shina, upande wa nje wa kona unavutwa, wa ndani unafinywa. Ukizidisha, la nje linapasuka. Na mti ukiwa kwenye kasi ya kukua, gome huweza kuteleza likabanduka.

Wajapani hulivisha shina rafia iliyoloweshwa kabla ya kutia waya. Rafia ni nyuzi za majani ya mti wa mwale. Madukani sikuiona, nikavuka feri kwenda Likoni kwa shangazi, msukaji wa mikeka, nikamwomba chane za ukindu.

“Za nini?”

“Za kufungia mti, shangazi.”

“Kwani umevunjika?”

“Bado.”

Alicheka, akanipa kitita, ila hakuniachia niende hivihivi. Chane kavu hukatika, alisema, hebu ziloweshe kwanza. Akachukua mguu wa kigoda akanionyesha: anza chini, kaza, kila mzunguko uulalie ule uliotangulia, pasionekane hata tundu.

Fikasi ya pili, unene wa kidole gumba, sikuimwagilia siku moja kabla, ili shina lilegee. Nikalivisha chane, tabaka mbili. Waya ulikuwa wa shaba, niliouchuna kwenye kebo kuukuu na kuuchoma jikoni kwenye mkaa mpaka ukaiva mwekundu. Shaba isiyochomwa ni ngumu, utaishia kugombana nayo. Nikahakikisha waya unapita mgongoni mwa kona, maana hapo ndipo shina hupasukia. Vidole gumba ndani ya kona, nikapinda kidogo, nikangoja, nikapinda tena. Nikasikia “kwe”. Nikaacha palepale, ingawa kona niliyoitaka ilikuwa kali zaidi.

Safari hii sikusafiri. Wiki ya 5 nikakata waya, nikazivua chane. Hakuna jeraha. Zilikuwa zimejichapa gomeni kidogo tu, kama mkeka shavuni mwa mtu aliyelala mchana.