Kuhani Alikuwa Anashuka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wengi wetu wiki hii tuko safarini, kwa hiyo nitasema la njiani.

Mwaka jana, siku mbili kabla ya Krismasi, niligonga gari la mbele yangu. Magari yalikuwa yakisogea na kusimama, nami nilikuwa kwenye usukani tangu alfajiri. Kuja kushtuka, taa za breki zimeshanijaa machoni. Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa. Ninachokumbuka ni indiketa, iliyoendelea kulia tik, tik, tik kana kwamba hakuna kilichotokea, na vipande vya taa vikisagika chini ya viatu vyangu nikienda kuangalia bampa. Naam, bampa. Mke wangu na watoto wamo ndani, mimi naangalia bampa! Kisha nikaanza kumfokea yule niliyemgonga, eti kwa nini amefunga breki ghafla.

Mzee mmoja akashuka kwenye gari la nyuma yetu. Hakuuliza kosa ni la nani. "Mwanangu, washa kwanza taa za hadhari. Kuna aliyeumia?"

Niliona haya. Swali hilo lilikuwa langu.

Tangu siku ile nikisoma Luka 10, mfano wa Msamaria aliyemhudumia mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi baada ya kuhani kumpita kando, nakwama kwenye neno moja: kuhani "alishuka". Njia ya Yerusalemu hadi Yeriko haifiki kilomita 30, lakini huteremka takriban mita 1,000. Anayeshuka anatoka Yerusalemu, kwenye hekalu. Hawezi kujitetea kwamba alikuwa anawahi ibada. Pengine alikuwa anawahi nyumbani tu, kama sisi. Na haraka ya nyumbani wakati wa sikukuu haina sura ya dhambi hata kidogo. Ina zawadi kwenye buti na watoto wanaoimba kiti cha nyuma. Ndiyo maana inatupitisha kando ya watu bila dhamiri kushtuka.

Msamaria naye Luka anamwelezea kwa kazi za mikono: akakaribia, akafunga jeraha, akampandisha, akamtunza. Sisemi tusiombe. Omba, huku mkono wako ukibana kitambaa safi juu ya jeraha linalovuja, na usikifunue kila mara kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Piga simu ya dharura mapema, useme mlipo. Weka pembetatu nyekundu nyuma kabisa, hasa penye kona, maana ajali ya pili inaweza kuua waliokuja kusaidia ya kwanza. Anayepiga kelele anapumua, mkimbilie aliyenyamaza. Usimburute mtu kumtoa garini kama hakuna moto wala hatari nyingine ya karibu, kwa kuwa shingo iliyovunjika haionekani kwa macho. Na wale wanaokuja na chupa ya maji kwa huruma zao, wazuieni kwa upole: aliyeumia sana asinyweshwe, huenda akahitaji upasuaji.

Simu nayo ina kazi yake. Piga picha za magari yalivyosimama, namba zake na alama za matairi. Askari na watu wa bima watazihitaji. Picha ya mtu aliyelala barabarani usiitume popote. Mama yake asiipate kwenye kundi la kwaya.

Kuhusu maneno, Mithali 15:1 nilikuwa nimeihubiri mara mbili mwaka huohuo: "Jawabu la upole hugeuza hasira." Siku ile ilifanyiwa kazi na yule niliyemgonga. Nilipokwisha kufoka alisema tu, "Pole, kaka. Watoto wako wazima?" Tukaandikiana majina na namba, kosa tukamwachia askari alipime.

Yule mzee alibaki nasi kwa muda wa karibu saa mbili, hadi askari alipofika, familia yake ikimngoja garini. Nilimwambia aende, akakataa. Alipoondoka aliomba namba yangu ya simu, nami nikadhani ni adabu tu.

Mke wangu alisema hana maumivu. Asubuhi yake hakuweza kugeuza shingo, tukaenda hospitali. Majeraha mengine hungoja mwili upoe ndipo yaseme. Mnajua Msamaria aliacha dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili, lakini mimi sasa nasoma zaidi lile neno lake kwa mwenye nyumba ya wageni: "nitakaporudi".

Siku ya tatu, tukiwa bado mezani, simu iliita kwa namba nisiyoijua.

"Mwanangu, ni yule mzee wa barabarani. Mama watoto anaendeleaje?"